Kutulia kabla ya chuma kizito: mwongozo kamili, kuanzia wiki mbili kabla hadi sekunde ya mwisho

Nondo ina kilo 150. Uzito mkubwa kuliko wote uliowahi kuubeba begani ni 145. Mkanda umeshafungwa, wenzako wameacha seti zao wamesogea kutazama, na mmoja ameshatoa simu arekodi. Mate yamekauka, viganja vimelowa, moyo unadunda hadi unausikia masikioni. Wiki iliyopita miguu hii hii ilishuka na kupanda na kilo 130 mara tatu bila wasiwasi. Sasa unaihisi kama ya mtu mwingine.

Mwongozo huu ni wa dakika hiyo, pamoja na siku kumi na nne zinazoitangulia. Nimeandika nikiifikiria skwati, yaani kuchuchumaa na nondo begani, kwa sababu hapo ndipo hofu hushika zaidi: uzito uko juu yako na lazima uinuke nao. Hatua hizi zinafaa pia kwenye benchi (kusukuma nondo juu ukiwa umelala chali), kwenye dedilifti (kuvuta nondo kutoka sakafuni hadi usimame wima), na kwa wanaonyanyua kwa mtindo wa Olimpiki.

Kiherehere si kiwewe

Tusichanganye haya mawili. Kiherehere ni mwili unaojiandaa. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, macho yanakuwa makali. Hii ni nguvu, na bila hiyo hubebi uzito wako wa juu kabisa. Kiwewe ni jambo jingine: akili inakosa cha kushika, inaanza kurukaruka kutoka kwenye nondo hadi kwa watu, kutoka kwa watu hadi kwenye goti lililokuuma mwezi jana, na unaingia chini ya chuma ukiwa hujaamua lolote.

Watu wengi hujaribu kukifukuza kiherehere. Wanajiambia "tulia, tulia," na moyo unazidi kwenda mbio. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Watu waliokuwa karibu kutoa hotuba waliambiwa wajisemee maneno: wengine kwamba wametulia, wengine kwamba wana hamu ya kuanza. Waliojisemea kuwa na hamu ndio waliozungumza vizuri zaidi. Hotuba si skwati, lakini nimeyaona hayo hayo jimu miaka yote. Moyo ukidunda, sema "mwili uko tayari", kisha fanya jambo linalofuata kwenye mpango wako.

Na mpango ndio kiini cha yote. Kiwewe hujaa pale palipoachwa wazi. Ukiwa na dakika tano zisizo na kazi kabla ya kunyanyua, hofu itazikalia zote tano. Kwa hiyo kazi yetu ni kuipa kila dakika shughuli yake, mapema, kabla siku haijafika.

Hatua ya 1: Amua namba wiki mbili kabla, uziandike

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Andika majaribio matatu kwenye daftari. La kwanza liwe uzito unaoweza kuubeba mara tatu hata siku mbaya, takriban asilimia 90 ya rekodi yako. La pili liwe asilimia 95 hadi 97. La tatu ndilo la rekodi mpya, na liandikie namba mbili, si moja. Mwenye rekodi ya kilo 145 anaweza kuandika hivi: 132.5, kisha 140, kisha 147.5 au 150. Ukiuliza kwa nini namba mbili: kama 140 imepanda haraka, nenda 150; kama imekwama kidogo katikati, nenda 147.5. Uamuzi umeshafanyika nyumbani, kwenye meza, ukiwa umekunywa chai. Siku yenyewe unasoma tu.

Jaribio la kwanza jepesi lina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Likipita, mwili unaamini na mikono inaacha kutetemeka. Anayeanza na uzito wa kubahatisha akashindwa, majaribio mawili yaliyobaki anayafanya akiwa na deni.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijaona mahali methali hii inapotimia kama jimu. Kuna siku nilibeba 140 vizuri, na kwenye daftari niliandika 147.5. Jamaa akanipiga bega: "Mwanangu, hiyo ilikuwa nyepesi mno, weka 155!" Wengine wakaitikia. Nikaweka 155. Nilishuka nayo na sikupanda. Vyuma vya kinga, vile vya pembeni mwa stendi vinavyodaka nondo, ndivyo vilivyoipokea. Sikuumia, lakini kwa wiki kadhaa baadaye kila nilipoweka 140 begani mwili ulikumbuka ile 155. Namba iliyotoka mdomoni mwa mtu mwingine ilinigharimu zaidi ya mwezi wa imani.

Hatua ya 2: Iondoe hofu yenye sababu

Hofu nyingine inasema kweli. Kama hujui nondo itakwenda wapi ukishindwa, akili yako ina haki ya kukuzuia, na hakuna pumzi ndefu itakayoidanganya.

Pima urefu wa vyuma vya kinga kwenye stendi: viwe chini kidogo ya pale nondo inapofika ukiwa umechuchumaa kabisa. Kama stendi haina kinga, tafuta watu wawili wa kukudaka, mmoja kila upande, na mkubaliane kabla: hawagusi nondo mpaka useme "shika" au mpaka ianze kurudi chini. Mtu anayegusa mapema kwa huruma anakuharibia jaribio. Anayechelewa anakuharibia mgongo. Kwenye benchi, kidole gumba kizunguke nondo. Na usijaribu rekodi ya benchi ukiwa peke yako.

Kisha jifunze kushindwa. Chukua nondo tupu ya kilo 20, shuka nayo, jifanye umekwama, iteremshe kwenye vyuma vya kinga kwa utulivu, toka chini yake. Rudia na kilo 40, kisha 60. Mtu aliyekwisha kushindwa mara kumi kwa makusudi anajua kwamba kushindwa ni sekunde mbili na kelele za chuma.

Kwa wanaofanyia mazoezi kwenye jimu zetu za mtaani, zenye sahani za zege zilizomwagwa kwenye makopo na ndoo: zipimeni. Mnunuzi wa vyuma chakavu ana mizani, mwombe dakika kumi. Sahani mbili zilizoandikwa 20 kwa rangi zinaweza kutofautiana kwa kilo kadhaa, na nondo inayoelemea upande mmoja huleta hofu ambayo mbebaji haelewi imetoka wapi.

Kuna jambo la afya nisilotaka kulipita. Kubana pumzi chini ya uzito mkubwa hupandisha shinikizo la damu sana kwa sekunde chache. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walipima wanyanyuaji wazoefu ndani ya mshipa wakati wakisukuma uzito kwa miguu, na wastani ulifika 320 kwa 250. Mwili wenye afya huvumilia, kwa kuwa ni muda mfupi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, aliye mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza, na asijaribu uzito wa juu kabisa kabla ya kuruhusiwa.

Hatua ya 3: Tengeneza mwendo wako wa kuingia, uurudie kwenye uzito mwepesi

Tazama wanyanyuaji wakubwa na utaona kila mmoja ana mwendo wake. Hatua zilezile, mguso uleule wa nondo, pumzi ileile. Si ushirikina. Mwendo unaojirudia unaipa akili kazi inayoijua mahali ambapo kila kitu kingine ni kigeni.

Wangu ni huu, uuchukue au uubadili: nasimama hatua tatu nyuma ya nondo. Natoa pumzi yote. Nasogea, mkono wa kulia unashika kwanza, kisha wa kushoto, kipimo kilekile cha alama zilizochongwa kwenye nondo. Naingiza kichwa, naikalisha nondo mgongoni, naweka miguu chini yake. Pumzi moja kubwa tumboni. Nainua. Hatua mbili nyuma, basi.

Siri iko hapa: mwendo huo uufanye kwenye kilo 60. Uufanye kwenye nondo tupu. Wapo wanaoingia chini ya kilo 60 wakiongea na rafiki, wakichezea simu, halafu wakifika 150 wanaanza kuwa makini. Kwa hiyo 150 inakuwa sherehe ya kigeni. Ukifanya seti ishirini kwa wiki kwa mwendo uleule, siku ya rekodi itakuwa ni seti nyingine tu yenye chuma kizito zaidi.

Ongeza neno moja la kujisemea. Moja. Liwe la kuelekeza nguvu nje ya mwili: "sukuma sakafu" linafanya kazi vizuri kuliko "kaza paja", kwa sababu ukianza kuulizana na kila msuli unapofanya kazi, mwili unapoteza mtiririko wake. Kwenye benchi wengine husema "dari". Kwenye dedilifti, "simama".

Hatua ya 4: Iandae picha akilini

Kwa wiki ya mwisho, kila usiku, dakika tano. Funga macho ujione ukinyanyua, lakini uone kwa macho yako mwenyewe, si kama unajitazama kwenye video. Usikie mlio wa sahani zikigongana, uhisi ubaridi wa nondo mgongoni, uhisi uzito ukikukandamiza unapoitoa kwenye stendi. Kasi iwe ya kweli. Na usiruke sehemu ngumu: pale katikati ya kupanda, nondo inapopungua mwendo, uone ukiendelea kusukuma mpaka inapita. Anayeona ushindi peke yake, mikono juu na watu wakishangilia, atashtuka atakapokutana na ule mkwamo.

Usiku mmoja katika hiyo saba, uone mambo yakiharibika. Umeme umekatika. Mtu amepita mbele yako unapotaka kuanza. Zamu yako imecheleweshwa nusu saa na mwili umepoa. Kila moja lijibu: nitakaa, nitajifunika, nitapasha tena kwa seti mbili.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Ukilala vibaya usiku wa kuamkia, usihesabu umeshashindwa. Usiku mmoja hauli sana nguvu ya kunyanyua mara moja; kinachokuangusha ni kuanza asubuhi ukijiambia huna nguvu. Usingizi wa maana ni ule wa siku tano au sita kabla.

Kula unachokula kila siku, saa mbili au tatu kabla. Siku ya rekodi si siku ya kuonja chakula kipya. Kahawa inasaidia, takriban saa moja kabla, lakini kwa anayetetemeka kwa kiherehere hata bila kahawa, kikombe cha ziada kinamsogeza upande wa kiwewe. Kahawa chungu ya kijiweni hutofautiana ukali kati ya muuzaji na muuzaji, kwa hiyo kunywa ile uliyoizoea, kiasi ulichozoea. Kwa wanaofunga Ramadhani, mwezi huo si wa kutafuta rekodi. Tunza nguvu kwa uzito wa wastani baada ya futari, rekodi ije baada ya Idi.

Hatua ya 6: Kupasha

Kwa lengo la 132.5 kama jaribio la kwanza, mimi ningepanda hivi: nondo tupu mara 8, kilo 60 mara 5, 90 mara 3, 110 mara 1, 122.5 mara 1. Mapumziko yaongezeke kadiri uzito unavyopanda, dakika moja mwanzoni hadi nne au tano mwishoni.

Usizihukumu seti hizi. Kuna siku 90 inakuwa nzito kama mlima na rekodi inapatikana, na kuna siku 110 inaruka kama kijiti na jioni unaondoka mikono mitupu. Seti ya kupasha ina swali moja tu la kujibu: mwendo wangu umekwenda sawa?

Hatua ya 7: Dakika tano za mwisho

Dakika ya tano hadi ya tatu, kaa. Kiti, benchi tupu, hata sakafuni. Geuza uso kutoka kwenye nondo. Wapo wanaoikodolea macho kama wanataka kuitisha, na mwishowe wao ndio wanaotishika. Simu mpe mtu. Pumua kwa pua, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakopunguza kasi ya moyo. Mara kumi zinatosha. Ukiona mawazo yametangatanga, usigombane nayo, rudi kwenye kuhesabu.

Wanaokutakia mema watakuja kuzungumza nawe. Waambie mapema, kwa heshima, kwamba dakika hizo unakaa kimya. Rafiki wa kweli ataelewa, na hata ataweza kukuzuilia wengine.

Dakika ya pili, simama. Paka chaki mikononi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwombe mtu akupake na mgongoni, nondo isiteleze kwenye jasho. Funga mkanda. Pitisha picha ile mara moja, kwa kasi ya kweli.

Dakika ya mwisho ndiyo ya kupandisha moto, na hapa kila mtu na kila mnyanyuo una kipimo chake. Dedilifti huvumilia hasira nyingi: unashika, unavuta. Skwati na benchi zinataka moto wa wastani, kwa sababu ukiwa umechanganyikiwa unashuka haraka mno au unasukuma kombo. Minyanyuo ya Olimpiki, ambayo nondo hupita kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa muda mfupi sana, inataka kichwa kibaridi kuliko yote. Ukiona wengine wanapigwa makofi mgongoni na kunusa amonia, kemikali yenye harufu kali ya kuushtua mwili, usiige siku ya rekodi jambo ambalo hujalijaribu mazoezini. Nimeona vijana watulivu, wabebaji wazuri kabisa, wakiharibiwa na kofi moja la mgongoni.

Kwenye mashindano, saa haikusubiri. Nondo ikishapakiwa na jina kuitwa, kwa kawaida una sekunde 60 za kuanza, iwe ni minyanyuo ya nguvu (skwati, benchi na dedilifti) au ya Olimpiki. Kwa hiyo fanya mazoezi na saa. Utagundua kuwa sekunde 60 ni nyingi kuliko unavyodhani: mwendo wangu wote unachukua chini ya 20, na zinazobaki zinanitosha kusimama na kutoa pumzi.

Tarehe 26 Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo, Hidilyn Diaz wa Ufilipino alikuwa na jaribio moja tu mkononi. Liao Qiuyun wa China alikuwa ameshamaliza na jumla ya kilo 223 kwa minyanyuo yote miwili. Diaz alihitaji kubeba 127 ili jumla yake ifike 224. Ufilipino haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Aliibeba. Wakati wa janga la korona alikwama Malaysia, na jimu zilipofungwa alifanya mazoezi kwa madumu ya maji yaliyoning'inizwa kwenye fimbo. Kila ninapoitazama ile 127 huwa natazama kabla ya mnyanyuo, jinsi anavyoiendea nondo na kuishika, kisha akili yangu inarudi kwenye ile fimbo na maji.

Hatua ya 8: Chini ya nondo

Sasa hakuna la kuamua. Tembea mwendo wako. Ukishaitoa nondo kwenye stendi itakuwa nzito kuliko ulivyotarajia. Ni kawaida, hukuwahi kuibeba. Wengi huitupia akili wazo la "haiwezekani" kwenye sekunde hiyo hiyo. Usijibu. Subiri nondo iache kuyumba, vuta pumzi tumboni ukisukuma mkanda, sema neno lako, shuka. Kwenye mashindano ya minyanyuo ya nguvu subiri amri ya mwamuzi. Papara ya kuanza kabla ya amri, au ya kurudisha nondo kabla ya kuruhusiwa, huua mnyanyuo uliokwisha kubebwa.

Ikikwama katikati, endelea kusukuma na hesabu mbili. Mara nyingi hupita. Ikianza kurudi, sema "shika".

Hatua ya 9: Baada ya kila jaribio

Umeshindwa? Una jambo moja tu la kutafuta: ni mwendo au ni nguvu? Kama ulishuka kombo au ulisahau pumzi, rudia uzito uleule. Kama kila kitu kilikuwa sawa na nondo haikusogea, rekodi hiyo haiko leo. Amua ndani ya dakika moja, kisha rudi kwenye kiti na pumzi zako za nne kwa nane. Ukishinda, vilevile: furahi, kaa, anza upya.

Olimpiki ya Beijing, 2008, uzito wa juu kabisa wa wanaume. Matthias Steiner wa Ujerumani, aliyefiwa na mkewe kwa ajali ya gari mwaka uliotangulia, alishindwa kilo 246 kwenye jaribio la kwanza la kunyanyua kwa hatua mbili (nondo hadi mabegani, kisha juu ya kichwa). Jaribio la pili akabeba 248. La tatu alihitaji 258, kilo 10 zaidi, ili jumla yake impite Evgeny Chigishev wa Urusi kwa kilo moja. Akaibeba, na akapanda jukwaani na picha ya mkewe mkononi. Kati ya ile 246 iliyoanguka na 258 kulikuwa na dakika chache tu, na ndani ya dakika hizo alilazimika kuiacha ya kwanza ilale.

Usiku, kabla ya kulala, fungua daftari. Andika uzito wa kila jaribio, kasi yake, na moyo ulikuwaje dakika ya tatu, ya pili na ya kwanza. Andika aliyekusemesha na ulichokula. Andika pia namba uliyobadilisha dakika za mwisho, kama ulibadilisha, na ni nani aliyeitaja kwanza.